Mita za Mwisho za Sydney: Mwenza wa Mbio Anapoishiwa Nguvu

Oktoba 2000, mjini Sydney, Henry Wanyoike wa Kikuyu, Kenya, alikuwa akiongoza mbio za mita 5,000 za wanaume wasioona katika Olimpiki ya Walemavu. Wapinzani walikuwa mbali nyuma, na hakukuwa na miguu pale uwanjani ya kumnyang'anya dhahabu. Hatari ilikuwa ubavuni kwake, kwenye ncha ya pili ya kamba fupi aliyoishika. Mwongozaji wake, John Kibue, mtu mwenye macho ambaye kazi yake ilikuwa kumwonyesha njia, alikuwa akiugua malaria, na nguvu zilikuwa zimemwisha. Mstari wa kumalizia ukiwa karibu kabisa, miguu ya Kibue ikagoma. Wanyoike hakumwacha. Alimkamata, akamvuta, wakafika, na dhahabu ikaenda Kenya.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kwa sifa za ushujaa, na ushujaa ulikuwepo kweli. Hapa nataka kukitazama kwa jicho la mtu anayetafuta mwenza wa kukimbia naye, au anayetaka yeye mwenyewe awe mwenza wa maana. Nakiona kisa hiki kimebeba karibu maswali yote ya jambo hilo: nani anakufaa, anatakiwa awe na uwezo gani, akuambie nini kabla hamjaanza, na mfanye nini mmoja wenu anapokwama.

Wanyoike alizaliwa mwaka 1974, na alikuwa mkimbiaji kabla hajapoteza macho. Mwaka 1995, akikaribia kutimiza miaka 21, alilala usiku akiwa mzima na kuamka haoni. Kilikuwa kiharusi. Ikafuata miaka ya kujifunza upya kila kitu: kutembea kwa fimbo nyeupe, kusoma kwa vidole, kufuma kwa mashine katika chuo cha wasioona huko Machakos. Mbio zilirudi baadaye, na zilirudi na sharti zito. Mimi na wewe mwenza asipotokea saa kumi na moja na nusu alfajiri, tutanung'unika kidogo kisha tutakimbia wenyewe. Asiyeona, mwenza wake asipotokea, siku hiyo mazoezi hakuna. Kuchelewa kwa mtu mmoja kunakuwa siku ya mazoezi iliyopotea ya mtu mwingine, na siku kama hizo zikijumlishwa kwa mwaka mzima zinaonekana kwenye saa ya uwanjani.

Wasomaji wengi hawajawahi kuishika kamba yenyewe, kwa hiyo nieleze kidogo inavyofanya kazi. Ni kipande kifupi kisichonyumbuka, chenye vitanzi viwili, kimoja kwa kila mkimbiaji. Tuseme mwongozaji yuko upande wa kulia. Mkono wake wa kushoto unafungamana na mkono wa kulia wa mwenzake, na mikono hiyo miwili lazima iende mbele na kurudi nyuma kwa pamoja. Kwa kuwa mkono wa mtu huenda na mguu wa upande wa pili, miguu yao inakuwa kama mtu na kioo chake: miguu ya ndani inakanyaga pamoja, ya nje inakanyaga pamoja. Mmoja akipoteza mpigo, kamba inakaza, bega linavutwa, na mwenzake anajua papo hapo. Mambo kama hayo hayafichiki kwenye kamba. Mwongozaji anayechoka huanza kufupisha hatua kabla hajakiri kwamba amechoka, na aliyeshika ncha ya pili huwa wa kwanza kupata habari.

Juu ya hapo, mwongozaji anasema muda wote. Kona inaanza. Kona inaisha. Mtu mbele, tunampita kwa nje. Mizunguko mitatu. Mita 5,000 ni mizunguko 12 na nusu ya uwanja, na kwenye kila mzunguko kuna kona mbili za kutangazwa. Anayekimbia upande wa nje, hata akiwa nusu mita tu kutoka kwa mwenzake, anaongeza zaidi ya mita 3 kila mzunguko. Mpaka mwisho anakuwa amekimbia takriban mita 40 zaidi, huku akizungumza. Kwa hiyo mwongozaji mwenye kasi sawasawa na mkimbiaji wake hatoshi. Anatakiwa kuwa na akiba.

Akiba hiyo ndiyo malaria iliyoila. Vimelea vya malaria huingia kwenye chembe nyekundu za damu na kuzipasua, na chembe hizo ndizo zinazopeleka oksijeni kwenye misuli. Homa nayo inapandisha joto la mwili na kuukausha maji. Mtu anaweza kuumwa na mbu nyumbani, akapanda ndege akijisikia vizuri, dalili zikamfikia siku 10 au 15 baadaye akiwa ng'ambo. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuanza mbio vizuri tu. Tatizo linakuja pale mwili unapodai oksijeni nyingi kuliko damu inavyoweza kubeba, na katika mita 5,000 dai hilo hufika mwishoni, wakati kila mtu anaongeza kasi.

Ndiyo maana sioni haki kumkumbuka Kibue kama mtu aliyeanguka. Alikimbia akiwa mgonjwa, kwa kasi ya dhahabu, karibu umbali wote, akizungumza njiani. Wenye afya zao wangapi wangeweza?

Hata hivyo swali la mapema zaidi linabaki: ugonjwa wa mwongozaji ulipaswa kuwa habari ya nani? Sijui mazungumzo yaliyopita kati ya watu wale wawili asubuhi ile, na sitayabuni. Najua tu shinikizo linalomkalia mtu katika nafasi kama ya Kibue. Timu imesafiri mpaka bara jingine. Rafiki yake amejiandaa kwa miaka. Akisema "siko sawa", huenda mbio zote zikavunjika. Akinyamaza, huenda mwili ukamvumilia kwa robo saa tu. Wengi wangenyamaza, tena kwa nia njema kabisa, kwa mapenzi. Wahenga wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na uwanjani linaloumbua si lazima liwe kifo: mzunguko wa mwisho unatosha. Mwenza anayekupenda kiasi cha kukuficha homa yake amekuondolea nafasi ya kupanga. Ungejua, ungeanza kwa kasi tofauti. Ungekubaliana naye neno la kutamka anapoona giza. Ungemtafuta mwongozaji wa akiba, kwa sababu kanuni za mbio za mita 5,000 na zaidi zinamruhusu mkimbiaji asiyeona kutumia waongozaji wawili, wakipokezana njiani.

Tuje kwenye uamuzi wenyewe. Wanyoike alikuwa na njia tatu, na muda wa kuzifikiria ulikuwa wa pumzi chache. Angeweza kuiachia kamba na kukimbia peke yake kuelekea kwenye kelele za watu. Asiyeona kabisa hawezi kukimbia kwenye njia za uwanja bila mwongozaji, na kwa kanuni za mchezo huo angejitoa mwenyewe. Angeweza kusimama, akamsubiri mwenzake apate nguvu, huku nyayo za wapinzani zikisikika zikija. Njia ya tatu ilikuwa kuendelea naye, yeye sasa akiwa ndiye anayevuta.

Kanuni zinasema mwongozaji asimvute wala kumsukuma mkimbiaji, na kwamba mkimbiaji avuke mstari kabla ya mwongozaji wake. Makusudi yake yako wazi: ushindi uwe wa miguu ya asiyeona. Siku ile mambo yalikuwa kinyume. Mwenye macho alikuwa mzigo na asiyeona alikuwa injini, kwa hiyo Wanyoike hakupata msaada wowote isivyo halali. Alibeba zaidi ya sehemu yake. Dhahabu yake haina doa.

Kinachonifanya nikirudie kisa hiki sasa, baada ya miaka yote hiyo, ni yaliyotokea Paris Septemba 2024. Elena Congost wa Hispania, mwanamke mwenye uoni hafifu sana na bingwa wa marathoni wa Rio 2016, alikuwa anamaliza marathoni katika nafasi ya tatu. Kabla ya mstari, zikiwa zimebaki hatua chache tu, mwongozaji wake Mia Carol akashikwa na misuli na kuanza kuyumba. Congost akaachia kamba kwa muda mfupi ili amshike asianguke, kisha wakavuka. Wakamwengua. Kanuni ya wakati huo ilikataza kuachia kamba kabla ya mstari, na shaba ikaenda kwa Misato Michishita wa Japani, aliyekuwa nyuma kwa zaidi ya dakika tatu.

Matukio haya mawili yanafanana kwa namna inayouma: mwongozaji anaishiwa karibu na mstari, mkimbiaji anamshika mwenzake. Mmoja akavikwa dhahabu, mwingine siku ile akaondoka mikono mitupu. Kanuni ya kamba naielewa. Bila hiyo, mwenye uoni kidogo angeweza kuiachia anapotaka na kupata faida. Ila mtu aliyeachia kamba ili amdake binadamu anayeanguka, akiwa na dakika tatu mkononi, hakupata faida yoyote, na adhabu ile naiona kali kupita kosa. Mwamuzi alitakiwa awe na uwezo wa kutofautisha mkono unaoachia ili kukimbia na mkono unaoachia ili kuokoa.

Kwa mkimbiaji, hata hivyo, funzo la Paris ni la vitendo. Jambo hili hufanyiwa mazoezi. Wawili wanaweza kujifunza mapema namna ya kumshika anayeyumba kwa mkono ulio huru, kamba ikiwa bado kwenye kitanzi. Wanaweza kukubaliana kwamba mwongozaji akisikia misuli inaanza kukaza kwenye kilomita ya 35 aseme hapo hapo, wapunguze mwendo pamoja, kwa maana dakika tatu za akiba zilikuwepo na zingetumika. Kama Carol alisema au hakusema, hayo ni yao wawili. Ila sisi tunaojiandaa tunaweza kuamua kwamba kusema ni sehemu ya kazi, sawa na kutangaza kona.

Baada ya Sydney, jina linaloambatana na Wanyoike ni Joseph Kibunja, rafiki yake wa utotoni. Pamoja walikwenda Athens 2004 na kurudi na dhahabu mbili, ya mita 5,000 na ya mita 10,000, zote kwa rekodi za dunia za daraja lao. Aprili 2005 wakakimbia London Marathon kwa saa 2, dakika 32 na sekunde 51, rekodi ya dunia kwa wasioona. Wiki moja baadaye, Hamburg, wakaishusha mpaka saa 2, dakika 31 na sekunde 31.

Mita 10,000 za Athens walizimaliza kwa dakika 31 na sekunde 37. Hiyo ni kilomita moja kwa takriban dakika 3 na sekunde 10, mara 10 mfululizo, na Kibunja alitakiwa kuwa na pumzi ya kuongea humo ndani. Kwa hesabu yangu mwongozaji wa kiwango hicho lazima awe mtu anayeweza kumaliza umbali huo chini ya dakika 30 akiwa peke yake. Watu wa namna hiyo nchini Kenya wapo, lakini karibu wote wana ndoto zao: mbio za barabarani, zawadi za fedha, mikataba. Kumwomba mmoja wao atumie miaka yake bora akiwa ubavuni mwa mwingine ni kumwomba jambo kubwa mno. Ukiona urafiki wa utotoni umeingia hapo, ndiyo sababu. Rafiki wa zamani ana sababu ya kuamka ambayo haiandikwi kwenye mkataba.

Ila urafiki peke yake haukimbii kilomita kwa dakika 3 na sekunde 10. Kwa hiyo anayetafuta mwenza ana njia mbili: kumpata mwenye mbio na kujenga naye imani, au kumchukua unayemwamini na kumjengea mbio. Mimi naegemea ya pili kila inapowezekana. Kasi huongezeka kwa mazoezi yanayojulikana, wiki kwa wiki. Imani haina ratiba ya namna hiyo, na mtu anayekudanganya kuhusu goti lake leo atakudanganya kuhusu kifua chake siku ya mashindano.

Hapo ndipo kisa hiki kinawagusa hata wanaokimbia bila kamba, wale wa vikundi vya Jumamosi wanaojiandaa kwa nusu marathoni ya Nairobi au ya Moshi. Kwenye kundi, wengi humchagua mwenza kwa kumtazama anavyoanza, na mwanzo hudanganya. Kule Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya, kwenye yale mazoezi ya Alhamisi ya kubadili kasi, wanaondoka watu wengi kwa pamoja na kundi linajichuja lenyewe barabarani. Tazama nani yuko karibu nawe robo tatu ya safari ikishapita. Huyo mnalingana. Kisha msikilize: anaweza kusema sentensi nzima bila kukatika? Na wewe je? Kama wote mnaongea, mwendo ni wa mazoezi mepesi na mnafaana. Kama mmoja anaongea na mwingine anajibu "mmh" tu, mmoja yuko matembezini na mwingine yuko kwenye mashindano, na asiyeweza kuongea ndiye atakayeumia, kwa kawaida bila kusema neno.

Kuna tabia moja inayoua ushirika kuliko tofauti ya kasi. Mnakimbia sambamba, lakini mwenzako daima yuko nusu hatua mbele. Unaongeza kidogo umfikie, naye anaongeza kidogo. Hakuna aliyesema tukimbizane, ila mnamaliza mazoezi mepesi mkiwa hoi. Anayefanya hivyo mara nyingi hajitambui. Dawa ni kumwambia waziwazi, na kumpa kipimo: bega langu na bega lako. Mwongozaji wa asiyeona hawezi kuwa na tabia hii hata akitaka, kwa sababu kamba itamwambia. Ndiyo maana napenda kuwashauri wakimbiaji wenye macho wajaribu kushika kamba japo mara chache, wajue maana ya kulinganisha hatua na mtu.

Maneno ya kabla ya kuanza nayo yana uzito wake. "Habari ya asubuhi, ndugu yangu" tunaisema, tunajibiwa "nzuri", tunaondoka. Kwa wakimbiaji hilo halitoshi. Umelala saa ngapi? Ule msuli wa nyuma ya paja unasemaje? Umekula? Dada anayekimbia alfajiri kwenye barabara isiyo na taa ana swali la ziada, la usalama, na mwenza wake anatakiwa kujua kwamba siku akighairi lazima atume ujumbe usiku, asimwache mtu gizani kwenye kona akisubiri. Na kabla ya siku ya mashindano, mzungumze bila kuoneana haya: mmoja akipungukiwa kilomita ya 15, mwingine aende au abaki? Majibu yote mawili ni halali. Kinachovunja watu ni kuligundua jibu barabarani.

Narudi kwa waongozaji, maana kwao jambo hili ni la kitaifa. Siku hizi nao huvalishwa medali kwenye mashindano makubwa, na ni haki. Lakini medali inakuja mwishoni. Kabla yake kuna viatu, nauli ya kwenda mazoezini, chakula, bima, na mtu mwenye familia anayeacha kibarua ili awe ubavuni mwa mwenzake. Shirikisho linalompeleka mkimbiaji asiyeona kwenye mbio ndefu na mwongozaji mmoja tu limeweka matumaini yote juu ya afya ya mtu mmoja, safari nzima, hali ya hewa ngeni, chakula kigeni. Sydney ilionyesha gharama yake. Tiketi ya mwongozaji wa pili ni ghali, tena haitoshi peke yake: wa pili huyo lazima awe amefanya mazoezi na mkimbiaji kwa miezi mingi, maana hatua za kamba haziazimwi uwanja wa ndege.

Kwa mwenye macho anayetaka kuanza: tafuta shule au chama cha wasioona kilicho karibu, ukaseme unajitolea. Anza kwa kutembea, si kukimbia. Kwanza mwombe mwenye uzoefu akuongoze wewe ukiwa umefungwa macho kwa kitambaa, mizunguko michache, ujionee ni kiasi gani cha maneno unahitaji na ni yapi yanakukera. Kisha badilishaneni. Tangaza ukingo wa barabara kabla hamjaufikia, wala si mkiwa juu yake. Taja tuta, shimo, mbwa, bodaboda inayokuja kwa nyuma. Usimvute. Mwulize anapenda ukae kulia au kushoto. Mpe namba yako ya simu, na siku ukiamka na homa, mpigie kabla hajavaa viatu.